Katogota: Mguu unakimbia mwiba kabla maumivu hayajafika

Msimu wa kulima ukianza, njia ndogo zinazotoka Katogota kuelekea mashambani hujaa watu tangu alfajiri: akina mama na majembe begani, vijana na mapanga, watoto wakifuata nyuma. Wengi huenda miguu mitupu, au na kandambili ambazo huvuliwa mara tu mtu anapofika kwenye matope ya mpunga. Na katika bonde la Ruzizi miiba haikosekani. Aliyewahi kukanyaga mwiba anajua kinachofuata. Mguu unaruka wenyewe, mwili unayumba, mkono unatafuta kitu cha kushika, mdomo unatoa sauti. Kisha, baada ya kitambo kidogo sana, ndipo maumivu yanaingia.

Angalia vizuri mfuatano huo. Mguu umekwisha kuondoka ndipo kichwa kinapata habari. Kwa hiyo si maumivu yaliyouondoa mguu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina maana kubwa kwa mkaaji wa kijiji kama Katogota, ambako hospitali kubwa iko mbali na barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Bukavu na Uvira, inaweza kufungwa na vita siku yoyote. Watu wengi hupima kidonda kwa namna kinavyouma: kikiuma sana wanakimbilia kituo cha afya, kisipouma wanarudi shambani. Mwili haufanyi kazi hivyo, na kipimo hicho kimewapotezea watu miguu, na wengine uhai.

Katika ngozi ya unyayo kuna ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kugundua kitu kinachotaka kuharibu mwili: kinachochoma, kinachounguza, kinachobana kupita kiasi. Ncha hizo hazijui maumivu ni nini. Zinatuma tu umeme mdogo. Umeme huo unapanda mguuni mpaka kwenye kamba laini iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, nene kama kidole kidogo cha mkono, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi karibu na kiuno. Tuiite kamba ya mgongo.

Wengi hufikiri kamba hiyo ni kama waya wa simu unaopitisha habari tu. Sivyo. Ndani yake kuna seli za fahamu zinazoamua mambo zenyewe. Nyumba ikishika moto Katogota, chifu wa kijiji hangojei barua kutoka Kinshasa ili aite watu walete maji. Anaamuru papo hapo, na Kinshasa, kama itaarifiwa, itaarifiwa baadaye. Kamba ya mgongo ndiyo huyo chifu. Habari ya mwiba ikifika, inaamuru misuli inayokunja mguu ivute, na wakati huohuo inaiamuru misuli inayonyoosha mguu ilegee, maana zote mbili zikivuta kwa pamoja mguu ungekauka kama mti. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Habari ileile inaendelea kupanda kwenda kichwani, lakini haisafiri yote kwa mwendo mmoja. Kuna mishipa ya fahamu iliyofunikwa na mafuta mepesi, ambayo hupitisha habari ya hatari kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Kuna mingine myembamba sana, isiyo na mafuta, ambayo haizidi mita 2 kwa sekunde. Kutoka unyayo wa mtu mzima hadi kwenye kamba ya mgongo ni karibu mita moja. Ndiyo sababu mtu aliyekanyaga kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye babula huhisi mara mbili: kwanza mchomo mkali na wa haraka, halafu, kama sekunde moja baadaye, ule uchungu mzito unaowaka na kukaa. Ni ajali moja iliyokuja kwa njia mbili, moja ikiwa na pikipiki na nyingine ikitembea kwa miguu.

Sasa fikiria mguu wa pili. Mwiba umechoma mguu wa kulia, nao umenyanyuka ghafla. Kama hakuna kingine kilichofanyika, mtu angeanguka chini, pengine juu ya mwiba mwingine. Lakini haanguki. Katika nukta hiyohiyo kamba ya mgongo imetuma amri upande wa pili: mguu wa kushoto ukaze, unyooke, ubebe mwili wote. Mwingereza Charles Sherrington alieleza jambo hili kwa kina mwaka 1910, baada ya kuwachunguza wanyama ambao kamba yao ya mgongo ilikuwa imetengwa na ubongo. Wanyama hao hawakuweza kuhisi kitu mguuni, lakini mguu uliendelea kujivuta ukichomwa, na wa pili uliendelea kunyooka. Mwaka 1932 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Edgar Adrian kwa kazi yao juu ya seli za fahamu.

Hata hivyo kamba ya mgongo si mashine ya kijinga. Chukua mama anayerudi na mfuko wa mihogo kichwani. Akikanyaga mwiba na mguu ambao bado haujakaza chini, mguu huo unarudi juu kirahisi. Lakini akiwa amekwisha kuegemeza uzito wote juu ya mguu huohuo, kuunyanyua kwa nguvu kungemwangusha yeye na mzigo wake. Watafiti waliowapima watu wakitembea, huku wakiwatia umeme mdogo kwenye unyayo, walikuta kwamba jibu la mguu hubadilika kulingana na hatua imefika wapi. Mchomo ni uleule, lakini mwendo si uleule. Kabla ya kuamuru, kamba ya mgongo inatazama kwanza mwili umesimama vipi.

Na Kinshasa nayo ina neno lake. Mtu aliyeshika sufuria ya moto yenye bugali ya familia nzima haiachii. Vidole vinaungua, mkono unataka kufunguka, lakini ubongo unatuma amri ya kuzuia, naye anatembea hatua tatu nne hadi aiweke chini, ndipo anapuliza vidole na kulalamika. Katikati ya ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ambazo mishipa yake inashuka hadi kwenye kamba ya mgongo, na huko inaweza kupunguza habari ya maumivu au kuiongeza. Mwili hata unatengeneza dawa yake yenyewe inayofanya kazi kama morfini. Dawa hizo za kwanza ziligunduliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Scotland.

Hapa ndipo vita vinaingia katika habari hii. Katogota ni kijiji kinachojua kukimbia. Tarehe 14 Mei 2000 raia wengi waliuawa hapo, na ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping imeyaandika mauaji hayo. Tangu wakati huo wakaaji wa bonde hili wamekimbia zaidi ya mara moja, wengine wakivuka mto Ruzizi. Aliyekimbia risasi anaweza kusimulia jambo ambalo mtu wa mbali haliamini: kwamba alitembea saa nzima na jeraha bila kuhisi kitu, akaja kuona damu pale tu alipokaa chini.

Daktari Mmarekani Henry Beecher aliliona jambo hilo kwa askari waliojeruhiwa nchini Italia katika Vita Vikuu vya Pili. Katika andiko lake la mwaka 1946 alisema kwamba karibu robo tatu ya majeruhi wenye majeraha mazito hawakutaka dawa ya kutuliza maumivu walipoulizwa. Walikuwa na akili timamu, na mishipa yao ilikuwa inafanya kazi, kwa maana walilalamika vizuri kabisa pale muuguzi alipowachoma sindano vibaya. Ubongo ulikuwa umeamua kwamba kwa sasa jambo la lazima ni kubaki hai, na maumivu yangesubiri.

Basi, kundi la watu likifika salama baada ya kukimbia, haitoshi kuuliza nani anaumwa. Inafaa kuwavua watoto nguo na kuwatazama mgongoni, kwapani, nyuma ya mapaja na chini ya nyayo, huku mtu akipitisha mkono kutafuta damu. Anayetembea anaweza kuwa amejeruhiwa kuliko anayelia.

Hatari ikipita, ubongo unabadilisha msimamo. Mahali palipojeruhiwa panakuwa pepesi kuuma, hata shuka likigusa tu, na misuli ya jirani inakazana ili kiungo kisisogee. Mtu anachechemea. Kuchechemea ni sehemu ya tiba, kwani kunalinda kidonda mpaka kifunge. Kusugua mahali palipogongwa nako si ujinga wa wazee: mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso zinapofika kwenye kamba ya mgongo zinaweza kuifungia njia habari ya maumivu. Taabu inakuja pale mwili unapoendelea kulinda kidonda kilichokwisha kupona. Mgongo wa mtu aliyepalilia miaka mingi ni mfano mzuri. Akiuma, wengi hulala wiki nzima wakidhani kila maumivu ni kitu kinachovunjika ndani, na misuli inazidi kukaza na kuuma. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, madaktari siku hizi wanashauri mtu aendelee kujisogeza kidogokidogo. Miguu ikikosa nguvu, au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni habari nyingine, na ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuna wanaouma katika kiungo ambacho hakipo tena. Mjini Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinawahudumia watu wenye ulemavu, wakiwamo waliokatwa miguu. Mtu aliyekatwa mguu mara nyingi anahisi vidole vyake vya zamani vimejikunja na kuuma, na anashindwa kuvikunjua. Si uchawi wala wazimu. Ramani ya mguu bado imo ndani ya ubongo, na ubongo unatuma amri ya kusogea bila kupata jibu. Katika miaka ya 1990 V. S. Ramachandran, daktari mwenye asili ya India anayefanya kazi Marekani, alijaribu kitu rahisi: kioo. Mgonjwa anakaa na kioo katikati, anasogeza kiungo kizima, na ndani ya kioo anaona kama kile kilichokatwa nacho kinasogea. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu, si wote. Lakini kioo kinapatikana soko lolote.

Turudi shambani, maana mwiba wenyewe bado tuna deni nao. Tundu la mwiba linafunga haraka, maumivu yanaisha jioni, mtu anasahau. Lakini katika udongo, na zaidi katika udongo uliochanganyika na mavi ya ng'ombe, huishi mdudu wa pepopunda, ambao wengi huku wanauita tetanosi. Mdudu huyo anapenda tundu jembamba lililoingia ndani na kufunga juu, mahali pasipopata hewa. Anatoa sumu ambayo inapanda kwa njia ileile ya mishipa ya fahamu hadi kwenye kamba ya mgongo, na ikifika inafanya kazi moja tu: inawanyamazisha wale wanaoiambia misuli ilegee.

Kumbuka kwamba mguu unapojikunja, misuli ya kuunyoosha lazima ilegee. Katika pepopunda amri hiyo ya kulegea haitoki tena. Misuli yote inavuta kwa pamoja. Taya linafunga, shingo inakauka, mgongo unapinda kama upinde. Sauti ya mlango, mwanga wa tochi au mguso mdogo wa mkono unatosha kuukaza mwili mzima kwa maumivu makali, na mgonjwa anayahisi yote kwa sababu akili yake iko wazi. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kidonda, wakati mwingine mgonjwa hakumbuki hata alichomwa wapi. Na aliyepona hapati kinga: anaweza kuugua tena.

Chanjo ndiyo kinga. Watoto huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na akina mama wajawazito huchanjwa ili kujilinda wao na mtoto atakayezaliwa. Wanaoachwa nyuma mara nyingi ni wanaume watu wazima, ambao ndio hao wanaoshika panga na kuchunga ng'ombe. Aliyechomwa na mwiba, msumari au jino la jembe aoshe kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, asikifunike na mavi ya ng'ombe wala udongo, kisha aende kuuliza muuguzi kuhusu chanjo. Asingoje kiume.

Ukoma unaharibu upande mwingine wa mfumo huu. Mdudu wake, ambaye Armauer Hansen wa Norwe alimgundua mwaka 1873, hukaa ndani ya mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: kwenye kiwiko, goti, kifundo cha mguu, uso. Kwanza hutokea doa lililofifia ambalo halihisi kitu. Baadaye vidole vya mkono vinajikunja, na ncha ya mguu inaanguka mtu akitembea, maana mishipa hiyo hubeba pia amri za misuli. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ugonjwa wenyewe unakula vidole. Daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole vinaharibiwa na majeraha ya kila siku ambayo mgonjwa hayahisi: sufuria ya moto, mpini wa jembe, viatu vinavyobana.

Brand aliona jambo jingine ambalo kwangu ndilo linaloeleza vizuri zaidi uhusiano wa maumivu na mwendo. Mtu mzima wa afya akitembea mbali, unyayo wake unaanza kuchoka mahali fulani, na bila kufikiri anabadilisha namna ya kukanyaga, mara kisigino, mara pembeni. Katika safari ya kutoka Katogota hadi Luvungi anabadilisha mara nyingi bila kujua. Maumivu madogo, ambayo hata hayafiki kwenye mawazo yake, yanamwongoza. Mwenye ukoma anakanyaga vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka ngozi inapasuka. Ndivyo ilivyo pia kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari. Mwenye doa lisilohisi asione aibu: dawa za ukoma ni za bure, zinanywewa miezi 6 au 12, na zikianza mapema mishipa inaokolewa. Mwenye unyayo usiohisi anapaswa kuutazama kila jioni kwa macho, kwa kuwa hakuna kingine kitakachomwambia.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake ni la Kongo. Konzo ni neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, na mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba umeonekana pia hapa Kivu Kusini, huko Burhinyi katika eneo la Mwenga. Mtoto au mama anaamka asubuhi, au anatoka kwenye safari ndefu, na miguu yote miwili imekakamaa. Haiumi kama kidonda. Anahisi mguso vizuri. Lakini akitembea magoti yanakutana na miguu inapishana kama mkasi, na hali hiyo haitapona.

Kilichoharibika ni njia ya kutoka ubongoni kushuka kwenye kamba ya mgongo. Chifu amebaki peke yake bila amri za Kinshasa, na badala ya kulegea anazidi kuamuru: ukigonga goti kidogo, mguu unaruka kwa nguvu. Konzo huja baada ya wiki nyingi za kula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri, bila maharage, samaki wala nyama ya kutosha. Hutokea hasa wakati wa ukame na vita, watu wanapolazimika kung'oa mihogo na kuila bila kungoja. Sumu yake ni sayanidi.

Njia ya wazee ya kuloweka mihogo siku tatu au nne kabla ya kuianika inaondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kama unga umekwisha kusagwa na hujui uliloweshwa siku ngapi, kuna njia iliyotengenezwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumiwa na akina mama wa Kwango: changanya unga na maji mpaka ulowane, utandaze nje, kimo kisizidi sentimita moja, uuache saa 2 kwenye jua au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha bugali inasongwa siku hiyohiyo kama kawaida.